Sauti ya Gurudumu la Kushoto

Tarehe 3 Februari

Baba, shikamoo.

Kaa kitako kabla hujaendelea kusoma. Nimenunua gari. Na si gari la mtu mwenye watoto na akili zake. Ni la spoti, jekundu, milango miwili, viti viwili, na limekaa chini kiasi kwamba nikisimama kwenye foleni natazamana na magurudumu ya malori.

Lilikuwa la daktari wa meno mmoja mstaafu. Ameliuza kwa sababu ya mgongo. Kuingia aliweza, ila kutoka ilibidi asubiri mpita njia amvute mkono. Kwa miaka ya mwisho alilifungia tu gerejini kwake, akawa analifuta vumbi na kulitazama. Mpaka leo linanuka karafuu, na kiti cha dereva kina umbo lake, kwa hiyo naendesha nimekaa ndani ya makalio ya mtu mwingine.

Najifunza kuishi nalo. Kuingia ni makalio kwanza, kichwa, halafu miguu. Nikikosea mpangilio huo majirani wanapata cha kucheka siku nzima. Kila tuta la barabarani nalipita kimshazari, na bado tumbo la gari linakwaruza, nami najikunja kama linalokwaruzwa ni langu. Mama watoto alilizunguka mara moja, akaniuliza watoto watakaa wapi. Kisha akarudi ndani. Kazini wenzangu wa chumba cha michoro wameanza kuniita Dereva, nami sijakataa.

Sasa sikia. Mbele, upande wa abiria, gurudumu la kushoto lina sauti. Si kelele, ni mvumo, unaanza nikishaingiza gia ya tatu. Nimewaambia watu wote kwamba sina haja ya gereji maana mimi ni mtoto wa Fundi Sikio, wewe uliyekuwa ukijua ugonjwa wa gari kwa kulisikiliza tu. Najua tangu masikio yalipokuacha watu hawakuletei magari. Simu huisikii, na ujumbe wa simu umeukataa, unasema zile herufi ni mchanga machoni. Basi tuandikiane. Niambie nifanye nini.

Maisha yako yote umelala chini ya magari ya watu. Hili likitulia nakuja kukuchukua, ukae kiti cha abiria, uwe bosi.

Mwanao


Tarehe 11 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Una wazimu, na nimefurahi.

Barua yako aliileta kinyozi wa hapa jirani. Nilipomsomea habari ya makalio ya daktari, alisimamisha mashine katikati ya kichwa cha mteja, wakacheka wote wawili. Kucheka kwao nilikuona kwa mabega.

Mwambie mkwe wangu asinune. Mwanamume akinunua gari jekundu ni afadhali kuliko vitu vingine vyekundu anavyoweza kununua.

Kuhusu sauti, usiniandikie tena neno mvumo ukadhani umenieleza. Mvumo ni kitu gani? Hata mimi navuma nikilala. Nenda mahali tambarare, upige jeki. Lishike gurudumu juu na chini, ulitikise, uone kama linacheza. Kisha chukua bisibisi ndefu, ncha uiweke kwenye kitovu cha gurudumu, mpini uubane sikioni, mtu alizungushe tairi kwa mkono. Chuma kitakuambia. Halafu endesha, ukate kona kulia, ukate kushoto, ukanyage breki, uone sauti inabadilika wapi. Niandikie yote, usiache kitu, maana masikio yangu sasa ni wewe.

Hiyo karafuu iache. Gari lenye harufu yake lina adabu.

Baba yako,
Fundi Sikio


Tarehe 19 Februari

Baba, shikamoo.

Nimefanya yote. Nililipiga jeki kwenye maegesho ya jengo letu, watu wakaja kutazama. Gurudumu linacheza, ila kidogo sana, kama jino la mtoto linaloanza kulegea. Mama watoto alikubali kulizungusha huku amegeuza uso pembeni, mimi na bisibisi sikioni. Nilisikia kama kokoto zinasagwa, mbali. Nikikata kona kulia mvumo unazidi. Nikikata kushoto unapungua. Breki haibadilishi chochote.

Kuna fundi hapa kona, kijana wa ovaroli la kijani, aliyeusikia mvumo nikipita, akaomba tuzunguke naye kidogo. Hatukufika mbali. Alisema beringi imekwisha na nisiendeshe mpaka ibadilishwe. Nilimwambia nina fundi wangu, nasubiri jibu lake.

Mengine yanakwenda. Nimegundua swichi inayopasha kiti joto. Kwa joto la huku sijui ilikuwa ya nini, lakini nimeiwasha mara moja ili kuona kama inafanya kazi. Inafanya.

Mwanao


Tarehe 27 Februari

Mwanangu,

Huyo kijana wa ovaroli la kijani anataka kukuuzia beringi. Mafundi wa siku hizi wako hivyo, wanasikia sauti na tayari mkono uko mfukoni mwako.

Mimi nitakuambia ni nini. Daktari alilifungia gari miaka. Gari likisimama muda mrefu tairi linapata bapa upande uliogusa sakafu. Ukiliendesha, lile bapa linaimba. Ni hilo tu. Kokoto ulizosikia ni grisi iliyoganda. Na huko kucheza kusikutishe, mashine za mbio huachiwa uwazi kidogo ili zisijibane zikipata moto. Liendeshe, ulikimbize hasa. Tairi zitajinyoosha zenyewe na sauti itapotea.

Nikuambie kitu. Barua yako niliiweka mezani, nikakaa nayo kalamu ikiwa nyuma ya sikio, kama enzi zile. Kinyozi aliingia akaniona, akatoka polepole bila kunigusa bega, kama mtu aliyekuta mwenzake yuko kazini. Tangu masikio yangu yalipoziba sijaulizwa kitu na mtu yeyote, zaidi ya kuulizwa kwa ishara kama nimekula. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba nimekwisha.

Njoo unichukue.

Baba yako,
Fundi Sikio


Tarehe 6 Machi

Baba, shikamoo.

Nimemshukuru kijana wa ovaroli la kijani, nikamwambia fundi wangu amesema ni tairi. Amebaki akitikisa kichwa.

Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe 16, nakuja. Kaa nje mlangoni, utaliona likikata kona kabla hujaniona mimi. Vaa shati jeupe. Kiti chako nimekifuta.

Mwanao


Tarehe 18 Machi

Mwanangu,

Nilivaa shati jeupe. Nilikaa nje mlangoni tangu asubuhi kama bibi harusi, kinyozi naye akafunga kibanda chake cha kiti kimoja akaja kukaa nami ili alione. Kila gari jekundu lililokata kona nilisimama. Jekundu moja lilikuwa la zimamoto.

Jua lilipotua kinyozi alinishika mkono, akaniingiza ndani.

Kama kazi imekubana, sema. Kama gari limekuharibikia njiani, sema pia, nitakuambia la kufanya. Kunyamaziwa ndiko nisikoweza kuvumilia, maana mimi nimeshanyamaziwa vya kutosha.

Baba yako


Tarehe 29 Machi

Baba, shikamoo.

Barua yako imefika. Mwanao alipata safari ya kikazi ya ghafla, ndiyo sababu hakutokea ile Jumamosi. Ameniomba nikuombe radhi. Atakuandikia mwenyewe akipata nafasi.

Kuhusu gari, mimi sina la kusema.

Wajukuu zako wanakusalimu. Wanakula vizuri.

Mkweo


Tarehe 2 Mei

Baba, shikamoo.

Usishangae kuona herufi za mashine. Kazini wametuletea kompyuta mpya, nami najizoeza. Naomba radhi kwa ile Jumamosi na kwa kimya changu. Kazi ilikuwa nyingi.

Ulisema kweli kuhusu tairi. Mvumo umepotea. Siku hizi gari halitoi sauti yoyote.

Kuna jambo dogo tu, kioo cha upande wa dereva kinapanda kwa shida, kinakwama katikati. Nifanye nini? Usiwe na haraka ya kujibu. Na mlango wa abiria nao unahitaji kuvutwa juu kidogo ndipo ufunge. Niandikie kuhusu hayo yote mawili, kwa urefu, kama ulivyoeleza tairi.

Kuja kwangu tuache kwanza. Mama watoto anakusalimu.

Mwanao


Tarehe 13 Mei

Mwanangu,

Barua yako ya mashine ni kavu kama risiti, lakini ndani yake kulikuwa na sentensi moja ya asali. Mvumo umepotea! Niliisoma nimesimama. Kinyozi nilimpa aisome kwa sauti mbele ya wateja, mimi nikitazama nyuso zao.

Kioo kinataka reli zake zipakwe sabuni ya mche, kavu, usitie mafuta. Mlango ni bawaba, ulegeze skrubu za chini, uunyanyue kwa goti, uzikaze. Hayo ni madogo, hata mkwe wangu anaweza.

Sasa sikiliza habari kubwa. Maneno yameenea hapa mtaani kwamba Fundi Sikio ametengeneza gari la spoti kwa barua, bila kuligusa. Watu wameanza kuja! Wanaandika kwenye kikaratasi gari linalia wapi na lini, nami naandika dawa. Jana alikuja dereva wa basi la shule, mzee mwenzangu, mtu makini. Basi lake linavuma gurudumu la mbele. Likikata kona upande mmoja linazidi, upande mwingine linapungua. Nilicheka. Nikamwandikia, ndugu yangu, ugonjwa huu naujua, mwanangu ametoka kuuguza huohuo. Ni tairi, basi lako lilisimama likizo nzima. Likimbize, litanyooka. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Kila asubuhi anapita hapa na watoto wamejaa, anawasha taa kunisalimu, na watoto wananipungia.

Usingeniletea ile sauti, mwanangu, ningekuwa bado nimekaa ndani natazama ukuta.

Baba yako,
Fundi Sikio


Tarehe 21 Mei

Baba,

Kinyozi atakuwa ameshakufikishia ujumbe kabla ya barua hii. Mama watoto alimpigia simu niliposoma tu habari ya basi. Tumemwambia alisimamishe hata kwa kulala barabarani. Kama bado linatembea unaposoma hapa, weka barua chini, uende. Haya mengine yatakusubiri.

Haikuwa tairi. Ilikuwa beringi.

Ile Jumamosi nilikuwa njiani kuja kwako. Nilifika ile kona ndefu ya kulia kabla ya daraja. Mvumo ulipanda, ukawa mlio, kisha gurudumu la kushoto likajifunga palepale, likang'oka. Gari liliingia mtaroni likalalia ubavu wa upande wangu. Kioo kilikuwa wazi, mkono ukabaki chini. Nilikuwa na akili zangu muda wote. Harufu ya karafuu ilikuwa kali sana, na nilikuwa nakuwaza wewe umekaa nje na shati jeupe.

Mkono wameukata juu ya kiwiko. Safari ya kikazi ilikuwa wodini. Gari waliliburuta hadi kwa wanunua chuma, sikuliambia hata kwaheri. Kioo hakikwami, Baba, hakipo. Mlango nao haupo. Nilikuwa natunga magonjwa ili uendelee kuniandikia, na nilisema mvumo umepotea kwa sababu sikuona namna ya kukuambia mengine. Ulikuwa umeandika kwamba ulianza kuamini umekwisha. Ningekuandikiaje?

Mama watoto hakukubaliana nami. Alisema uongo wa huruma nao una mahali pa kwenda ukitoka nyumbani. Nilimwambia mzee yuko peke yake na kinyozi, uongo huu utamdhuru nani. Sasa nimejua ungemdhuru nani.

Jambo moja zaidi halafu nimalize. Nilipomwambia kijana wa ovaroli la kijani kwamba fundi wangu amesema ni tairi, aliniambia, "Mlete huyo fundi wako asikilize mwenyewe." Nilishindwa kumwambia kwamba husikii. Niliona ningekuwa nakuuza. Nikapanda gari nikaondoka.

Sikulaumu. Niliyeendesha ni mimi.

Mwanao


Tarehe 2 Juni

Mwanangu,

Basi lilisimamishwa. Kinyozi alitoka na mteja wake, huyo mteja nusu ya kichwa imenyolewa, wakasimama katikati ya barabara. Watoto walishushwa wakapelekwa shule kwa miguu. Hakuna aliyeumia. Hilo nimelitanguliza ili usome haya mengine umetulia.

Gurudumu lilifunguliwa mbele yangu. Niliomba nizishike gololi za beringi yake. Zilikuwa zimebadilika rangi kwa moto, nyingine zimepasuka vipande, zikamwagika kiganjani kwangu. Fundi aliyefungua aliandika kwenye kikaratasi kwamba lisingemaliza wiki. Dereva hakunitukana. Angenitukana ningeshukuru. Alinitazama tu, akageuka akawa anafuta mikono ambayo haikuwa na grisi.

Nimeisoma upya barua yako ya tarehe 19 Februari. Uliniandikia kila kitu. Linacheza. Kokoto zinasagwa. Kulia linazidi, kushoto linapungua. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza angejua. Mimi nilikuwa nikiwafukuza wanafunzi gerejini kwa kutojua hilo. Sikuwa na haja ya masikio, nilikuwa na haja ya kusoma tu, na nilisoma kile kijana wa ovaroli la kijani alichosema, nikaona mtu amekaa kwenye kiti changu. Hapo nikaacha kusoma. Nilikuwa natafuta jibu lolote lisilokuwa lake.

Hukuniambia ni mkono upi. Usiniambie. Uliacha kuniandikia kwa kalamu, najua ni upi. Nakumbuka nilivyoushika nikikufundisha kuchora mstari bila rula, na ulivyokuja kujipatia ugali kwa mistari hiyo.

Bisibisi yangu ndefu ya kusikilizia nimempa dereva wa basi. Aliipokea kwa adabu. Asubuhi anapita njia nyingine sasa.

Kinyozi nimemwambia asilete mtu. Na wewe usiniulize tena kitu.

Baba yako


Tarehe 30 Juni

Baba, shikamoo.

Nimekuandikia mara mbili kwa mashine hujajibu. Kinyozi anasema barua zinafika, unaziweka kabatini zimefungwa. Basi nimeandika anwani kwa mkono, labda utaifungua hii kwa kutaka kujua ni nani huyu mwenye mwandiko mbaya. Ni mimi, kwa kushoto. Sentensi hizi zimenichukua mchana mzima, na karatasi ya kwanza niliipasua kwa kalamu.

Kazini wamenipa meza karibu na mlango. Michoro wanachora wengine, mimi naikunja na kuipeleka. Hawaniiti Dereva tena, hawaniiti chochote. Mama watoto ananifunga vifungo asubuhi, akimaliza anakaa kidogo mkono wake ukiwa kifuani kwangu. Kuna siku nataka kumwambia auondoe.

Najua ulisema nisikuulize. Lakini koki ya jikoni inavuja, mama watoto anaweka sufuria chini yake, na mimi nataka niitengeneze mwenyewe, angalau hiyo. Nikiizungusha nati, bolti nayo inazunguka upande wa pili, na sina cha kuishikilia. Mtu mwenye mkono mmoja anafunguaje nati inayozunguka pamoja na bolti yake? Nimekaa chini ya sinki nikawaza kwamba wewe unajua. Sijamuuliza mtu mwingine yeyote.

Mwanao


Tarehe 9 Julai

Mwanangu,

Sijui.

Muulize yule kijana wa ovaroli la kijani, pale kona.

Baba yako